Mtoto Mezani, Mzazi Pembeni

Ndugu wazazi, walezi, na nyinyi watoto mlioleta kazi zenu,

Mtoto anayesomea nyumbani ana nafasi ambayo mwenzake wa darasani huikosa, kwani akitaka kupima miche ya maharage kila asubuhi kwa wiki tatu hakuna kengele ya kumkatiza. Ana upungufu pia, nao ndio ninaotaka kuuzungumzia: anayemfundisha, anayemsaidia kubandika bango na anayemsifu ni mtu mmoja, tena mtu anayeielewa sentensi ya mtoto kabla haijaisha. Kwa wengi wa watoto hawa, maonyesho ya sayansi ni mara ya kwanza kumweleza kazi yao mtu asiyewajua.

Tuutazame mlima wa volkano wa siki na magadi, ambao sijaona maonyesho yakiukosa. Povu humwagika, watu hupiga makofi, na mambo huishia hapo. Lakini mgeni akiuliza kama povu lingezidi endapo magadi yangeongezwa bila siki kuongezwa, mazungumzo hubadilika, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi hutokana na asidi ya siki kukutana na magadi, na asidi hiyo ikishakwisha, magadi yaliyosalia hutuama tu. Mtoto aliyepima vijiko mwenyewe atajibu. Aliyetengenezewa na baba atamtazama baba.

Swali zuri halihitaji vifaa vya gharama. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio ambalo Emily Rosa alilifanya akiwa na miaka 9, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shuleni kwao. Walikuwapo watu waliodai kutibu kwa kuhisi, kwa viganja vyao, nguvu inayozunguka mwili wa mgonjwa bila kumgusa. Emily aliwaketisha nyuma ya kikingio, wakapitisha mikono chini yake, naye akarusha sarafu kuamua asogeze mkono wake juu ya kiganja kipi, cha kulia au cha kushoto, kisha akawauliza uko wapi. Watu 21 walijibu mara 280, wakapatia 123, yaani asilimia 44, pungufu hata ya nusu ambayo mtu angetarajiwa kupata kwa kubahatisha.

Hivyo nawasihi waamuzi waombe daftari kabla ya kusifia bango. Daftari lenye mistari iliyokatwa, tarehe iliyorukwa na mbegu zilizokataa kuota huonyesha kilichotokea, na mtoto asiagizwe kuyaficha hayo kwa kuwa hayakulingana na alichotabiri.

Milango iko karibu kufunguliwa. Wazazi, viti vyenu viko kule nyuma, mbali kidogo na meza. Watoto, chukueni madaftari yenu mkasimame mahali penu.