Jezi ya taifa na mtoto aliyebaki nyumbani

(Mhadhara kwa vijana, wazazi na makocha wa mitaa, Kamalondo, Lubumbashi)

Jambo yenu bapapa, jambo yenu bamama, na nyinyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, ingieni tu, kuna fasi hapa mbele chini ya dirisha, kaeni hata chini haina shida.

Nimeombwa niongee juu ya hii kombe mpya ambayo CAF, shirikisho la kabumbu la Afrika, wameitangaza, Ligi ya Mataifa ya Afrika. Wengi mmesikia kwenye redio. Patrice Motsepe, akiwa prezida wa CAF, aliitangaza Rabat mwezi wa 12 mwaka 2025, siku moja tu kabla ya CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Moroko kuanza. CAN ambayo tumezoea kuiona kila miaka 2 tangu 1968, sasa itachezwa 2027 kule Kenya, Tanzania na Uganda, halafu 2028, na baada ya hapo itakuwa kila miaka 4 sawa na Kombe la Dunia. Na kwa kujaza ile nafasi njo inaletwa hii ligi mpya, kila mwaka, kuanzia 2029. Sababu inajulikana, klabu za Ulaya zimechoka kuachia wachezaji wao katikati ya msimu, kila CAN ni malumbano, kila CAN mchezaji anavutwa mkono huku na mkono kule.

Sasa tangu ile siku, kila mahali ninapopita watu wananiuliza kocha, sisi tutaibeba hiyo? Leopards, timu yetu ya taifa, wataweza? Mimi ninawajibu kwa swali ingine. Nani atavaa jezi? Kombe mpya ikizaliwa mimi njo kitu ya kwanza ninaangalia, inampa nani jezi, juu hapa Lubumbashi tumeshaona kombe mpya ikizaliwa kwa macho yetu na tuliona ilifanya nini. Ninaongea juu ya CHAN.

Vijana wengi hapa mwaka 2009 mlikuwa mgongoni kwa mama ama hamjazaliwa, acheni niwaeleze vizuri. CHAN ni mashindano ya timu za taifa lakini yana sheria moja tu ngumu: mchezaji lazima acheze kwenye championa, ile ligi, ya nchi yake mwenyewe. Mkongomani anayecheza Kongo. Mzambia anayecheza Zambia. Ukiwa Ubelgiji, hapana. Ukiwa hata hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hapana. Issa Hayatou njo alikuwa prezida wa CAF wakati huo, na hiyo wazo ilitoka kwenye shida ambayo kila nchi ya Afrika ilikuwa nayo: ile siku orodha ya timu ya taifa inasomwa, majina karibu yote yanatoka Ulaya, na huyu wa nyumbani anayefunga magoli kila Jumapili anabaki kusikiliza redio.

Hii ninaijua kwa ndani. Kwenye avenyu yetu kulikuwa kijana mmoja, sitataja jina, beki wa kushoto, mguu wake ulikuwa na adabu sana, akikupa balo unaipokea bila kujisumbua. Aliitwa kambini mara moja. Mama yake alimnunulia sanduku mpya, ile ya magurudumu, majirani wote tulikuja kuiangalia imewekwa sebuleni karibu na redio. Siku 9 akarudi. Walikuwa wamefika wawili kutoka Ulaya kwa nafasi yake, hakuna aliyemweleza kitu, aliambiwa tu jina lako haiko tena. Ile sanduku ilibaki na karatasi ya nailoni kwenye mkono wake, hakuitoa. Alicheza miaka 3 tena, klabu aliyokuwamo ilimlipa nusu nusu na mwisho haikumlipa kabisa, akaacha. Sasa mfikirie huyo mtoto angezaliwa miaka 5 baadaye.

Basi 2009, Kodivaa. Ekipe 8 tu. Kundi moja wenyeji, Zambia, Senegal na Tanzania, kundi ingine Ghana, Libya, Zimbabwe na sisi. Kocha wetu alikuwa Santos Muntubile. Na niwaambie ukweli, hapa mjini watu hawakuichukua kama kombe ya kweli, walisema ni kombe ya wale waliokosa viza. Hiyo maneno iliniuma sana, juu kwenye ile ekipe kulikuwa Trésor Mputu, kulikuwa kipa Kidiaba, watu tunaowaona hapa Kamalondo kila wiki, tunajua mama zao wanauza soko gani, na mtu anasimama anasema ni mabaki!

Halafu Ghana wakatupiga 3-0 kwenye makundi na wale wa kucheka wakacheka zaidi. Lakini tulipita. Nusu fainali tukakutana na Zambia, na hapo mnajua ikoje, mji huu nusu ya familia ina ndugu Kitwe ama Ndola, kuna nyumba baba alikuwa upande huu na shemeji upande ule na sahani ya bukari katikati. Zambia walikuwa na kijana Given Singuluma aliyefunga magoli 5, hakuna aliyefunga kumpita kwenye mashindano yote. Tukawatoa. Na fainali, ni nani tena? Ghana wale wale.

Tarehe 8 mwezi wa 3, 2009, stadi ya Houphouët-Boigny, Abidjan. Mimi niliangalia kwenye komini Kenya ya hapa mjini, kwenye kiwanja ya jirani, televizyo moja juu ya meza ya kupigia pasi na watu labda 70, watoto kwenye muembe. Kipindi cha kwanza hakuna goli. Mapumziko umeme ukaondoka. Jirani akavuta jenereta, ikakataa, akavuta tena, mtu akakimbia kutafuta mafuta kwenye chupa, na tulipopata picha Dioko Kaluyituka alikuwa ameshafunga, tukaona tu wachezaji wamelaliana. Kiwanja ililipuka. Mama mmoja aliyekuwa anachoma michopo aliacha nyama kwenye moto akaja kucheza na ile uma yake mkononi, nyama iliungua na hakuna aliyejali. Halafu Bedi Mbenza akaweka ya pili. 2-0. Mputu akapewa mchezaji bora wa mashindano.

Sasa shikeni hesabu hii. Kombe ya mwisho ya Afrika ambayo timu yetu ya taifa ilikuwa imebeba ni ile ya 1974, tukiwa Zaire. Miaka 35. Na walioimaliza hiyo miaka 35 ni watoto waliobaki nyumbani.

Na haikuishia pale, njo maana ninaipenda sana hii hadithi. Mwaka ule ule 2009 Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, wakabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika. 2010 wakaibeba tena, wakawapiga Espérance ya Tunisia 5-0 hapa hapa mjini. Mwezi wa 12 wakaenda Abu Dhabi, wakawapiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu moja, Kaluyituka moja, Kidiaba akaruka kwa makalio dunia nzima ikaona, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Fainali Inter ya Italia walitufunga 3-0, sawa. Mimi ninaamini kabisa mlango wa Abu Dhabi ulifunguliwa Abidjan. Najua kulikuwa pesa, kulikuwa kazi ya klabu, hata bachemino, wale wapenzi wa klabu pinzani ya Lupopo, waliokaa pale wanakubali hiyo, kweli ama uongo? Lakini kijana akishapiga Ghana kwenye fainali na jezi ya nchi, Mbrazil anakuwa mtu kama yeye.

Nisiifanye CHAN kuwa malaika. Ile sheria iliumiza watu pia, na waliumizwa hapa kwetu. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam akaja Mazembe 2011, akakaa mpaka mwanzo wa 2016, alibeba Ligi ya Mabingwa ya 2015, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Ndani ya bara! Lakini CHAN hakuweza kucheza, juu alikuwa Mtanzania anayelala Lubumbashi. Rainford Kalaba vile vile, Stoppila Sunzu vile vile, huyu Sunzu aliyepiga ile penalti iliyowapa Zambia CAN ya 2012 pale Libreville. Mwafrika akihamia kwa jirani yake Mwafrika kutafuta maisha, ile kombe ilimhesabu sawa na aliyeenda Ulaya. Hiyo mimi sikuikubali na mpaka leo siikubali.

Na wale wanaosema hii ligi mpya ni kitu kidogo, itakufa, wakumbuke CAN yenyewe ilianza Khartoum 1957 na ekipe 3 tu, Misri, Sudani na Ethiopia. Afrika Kusini walitakiwa kuwa wa nne, wakatolewa juu walikataa kupeleka timu ya weusi na weupe pamoja. Kombe inaanza ndogo, inakua ikipewa watu.

Tuje 2016, Kigali. CHAN ilikuwa imeshakuwa na ekipe 16, na matokeo yake yalikuwa yanahesabiwa kwenye ranki ya FIFA. Tuliwatoa Warwanda kwao, tukawatoa Guinea kwa penalti, na fainali tukawapiga Mali 3-0, Meschak Elia mbili, Jonathan Bolingi moja, kocha Florent Ibengé. Hapo tukawa nchi ya kwanza kuibeba mara 2. Sasa huyu Elia mfuateni. Miaka 8 baadaye, CAN iliyochezwa mwezi wa kwanza 2024, nani alitufungia goli dhidi ya Misri kabla ya penalti zile ambazo kipa wetu Mpasi alimaliza? Elia. Wakati huo alishafika Ulaya, lakini Kigali njo alionekana.

Halafu? Halafu tukalala. Mwezi wa 8 mwaka 2025 CHAN ilikuja Afrika Mashariki, ekipe 19, mshindi anapewa dola milioni 3 na nusu. Machi ya kwanza Kasarani, Kenya wakatufunga 1-0, na hatukutoka kwenye makundi. Moroko wakawapiga Madagaska 3-2 kwenye fainali na kuibeba mara ya 3, wakatupita. Moroko wana shule za kabumbu, wana viwanja vya nyasi mpaka kwenye miji midogo, championa yao inaanza na inamalizika. Yetu mnaijua, inaanza, inasimama, inaanza tena, mchezaji anakaa miezi bila machi ya kweli, ukimpeleka Nairobi atakimbia na miguu gani?

Sasa Ligi ya Mataifa. Itachezwa na wachezaji wote, na kila kocha atakayelipwa kwa matokeo ataita wa Ulaya kwanza, na mimi simlaumu, hawa pia ni watoto wetu, wengine wazazi wao walitoka hapa Kamalondo. Ninachoomba kwa wenye kuandika sheria ni kitu kimoja. Waandike idadi. Wachezaji 4 ama 5 kwenye kila orodha wawe wanacheza ndani ya Afrika, na nimesema ndani ya Afrika makusudi, ili Samatta wa kesho anayecheza hapa ahesabiwe. Miaka bado ipo mpaka 2029, sheria bado inaweza kuandikwa, na sisi tuna federasyo ambayo ina sauti kwenye CAF. Na zile machi za nyumbani zisiende Kinshasa zote. Stadi iko hapa, unaitembelea kwa miguu kutoka kwenye huu ukumbi.

Jana jioni kwenye mazoezi nilishika kiatu cha mtoto wa miaka 13. Soli imeshonwa na waya wa umeme, ule mwekundu, fundi aliupitisha mara mbili na kuukunja ndani ili usimchome. Nikamuuliza inakuumiza? Akasema hapana kocha, mpaka 2029 nitakuwa na ingine. Miaka ameshaihesabu mwenyewe. 2029 atakuwa na miaka 16.

Yuko hapa ndani, sitamnyooshea kidole. Haya, maswali. Papa mwenye kofia anza wewe, halafu yule binti wa nyuma, nimekuona umenyanyua mkono tangu niko Abidjan.