Uhai Huanza Lini? Tukisome Kifungu cha 26 Chote

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja, hasa nyinyi wanafunzi wa uuguzi na ukunga. Swali la leo mtakutana nalo wodini kabla ya mahakamani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelijibu waziwazi. Kifungu cha 26(2) kinasema maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu. Lakini Kanuni ya Adhabu, sheria ya jinai tuliyoirithi kwa wakoloni, katika kifungu cha 214 inamhesabu mtoto kuwa mtu anayeweza kuuawa pale tu anapokuwa ameshatoka kabisa tumboni mwa mamake akiwa hai, awe amevuta pumzi au hajavuta, kitovu kiwe kimekatwa au bado. Nchi ni moja, na mipaka miwili imepishana kwa miezi tisa!

Huko kutungwa kwenyewe nako si jambo la mara moja. Mbegu ikishaingia kwenye yai, hupita karibu siku nzima kabla chembe za urithi za baba na za mama hazijaungana. Kiinitete huanza kujishikiza kwenye mji wa mimba baada ya siku sita hivi, na hadi kama wiki mbili bado chaweza kugawanyika kikawa mapacha. Maulamaa wengi wa Kiislamu hushika hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba wake Ibn Mas'ud, kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Kanisa Katoliki leo lafundisha uhai ulindwe tangu kutungwa, ingawa Thomas Aquinas, mwanazuoni wake mkubwa, aliamini roho ya kibinadamu huja baadaye. Wote hao ni wacha Mungu, na mimba waliyoitazama ni ileile.

Sasa analetwa mama usiku. Uso umepauka, tumbo gumu, analalamika bega linamuuma, presha inazidi kushuka. Mimba ilitunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya mji wa mimba, na mrija umepasuka. Damu inamwagikia ndani. Kwa 26(2), maisha ya mtu yalishaanza mle. Lakini mimba hiyo hakuna awezaye kuiokoa. Wa kuokolewa ni mama, na akicheleweshwa atakufa.

Muuguzi aliyesomeshwa nusu ya kifungu atasita hapo, akihofia polisi. Kumbe 26(4) inaruhusu mimba itolewe endapo mtaalamu wa afya aliyehitimu ataona matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha ama afya ya mama imo hatarini. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya maneno hayo hayo. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi walipiga kura, na takriban asilimia 67 wakaipitisha Katiba nzima, pamoja na maneno hayo.

Walimu wa vyuo vya uuguzi mliomo humu, nawasihi: 26(2) na 26(4) zifundisheni katika kipindi kimoja, na mwanafunzi asipangiwe zamu ya wodi ya uzazi kabla hajaweza kuzieleza zote mbili.