Pakiti Mbili, Mkono Mmoja: Mbinu ya Kuoanisha katika Nadharia ya Uwezekano

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja jioni hii. Nimekuja na dadu moja na pakiti mbili za karata. Ubao sitauhitaji sana.

Chukulieni tuna sarafu mbili. Ya kwanza haina upendeleo: kichwa hutoka nusu ya mara. Ya pili ina upendeleo, kichwa hutoka mara mbili katika kila tatu. Nikirusha kila moja mara 10, ipi ina nafasi kubwa zaidi ya kutoa vichwa visivyopungua 6? Nyote mmejibu ya pili, na ni kweli. Haya, thibitisheni. Mwanafunzi hukimbilia fomula, akajumlisha vipande vitano huku na vitano kule, akalinganisha. Nikibadilisha 10 kuwa 1,000, anaanza upya.

Mimi narusha dadu. Ikitoka 1, 2 au 3, nahesabu kwamba sarafu ya kwanza imeonyesha kichwa. Ikitoka 1, 2, 3 au 4, nahesabu kichwa kwa ya pili. Kila ya kwanza inapopata, ya pili nayo imepata, kwa hiyo ya pili haiwezi kuachwa nyuma, iwe mara 10 au 1,000. Uthibitisho umekwisha.

Tumefanya nini hapo? Swali lilihusu tabia ya kila sarafu peke yake. Halikusema neno juu ya uhusiano wao. Ni sisi, kwa mazoea, tuliodhani kila moja lazima iwe na bahati yake. Kumbe tuna ruhusa ya kuzifunga pamoja tupendavyo, mradi kila moja ikitazamwa peke yake ibaki na tabia yake ileile. Huko ndiko kuoanisha. Kwangu mimi, ruhusa hiyo ni kati ya zawadi kubwa kabisa za nadharia hii, na inanisikitisha kwamba wengi wanamaliza chuo bila kuambiwa kwamba wanayo.

Aliyeitumia kwa ushupavu ni mwanahisabati Wolfgang Doeblin, aliyezaliwa Berlin mwaka 1915, mtoto wa mwandishi Alfred Döblin. Familia yao ya Kiyahudi iliikimbia Ujerumani mwaka 1933 na kuhamia Ufaransa. Mwaka 1938 alichapisha makala kuhusu minyororo ya Markov, yaani mienendo ambayo hatua ijayo hutegemea ulipo sasa, si ulikopitia. Aliweka wasafiri wawili katika mnyororo mmoja: wa kwanza anaanza popote, wa pili ameanza katika hali ya utulivu, yaani uwezekano wa kumkuta kila mahali haubadiliki tena hatua kwa hatua. Kila mmoja anakwenda kivyake hadi siku wanapokutana, na tangu hapo wanakwenda pamoja. Basi swali la mnyororo unachukua muda gani kusahau ulikoanzia likageuka kuwa: hawa wawili watakutana lini? Tofauti iliyobaki kati ya wa kwanza na utulivu haizidi uwezekano kwamba bado hawajakutana.

Juni 1940, akiwa askari wa Ufaransa, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia kijiji cha Housseras, alijiua. Alikuwa na miaka 25. Siwezi kufundisha mada hii nikanyamaza kuhusu hilo.

Sasa karata. Nachanga hivi: nachomoa moja popote kwa bahati, naiweka juu. Narudia. Mpaka lini ndipo pakiti iwe imechanganyika? Pakiti ya kushoto imepangwa kama ilivyotoka dukani, ya kulia imekwisha kuchanganyika kabisa. Nitajieni karata, msinitajie nafasi. Saba ya kopa? Kushoto iko karibu na chini, kulia iko katikati. Zote mbili naziweka juu. Kutaja jina kwa bahati ni sawasawa na kuchagua nafasi kwa bahati, kwa hiyo kila pakiti peke yake imechangwa kihalali. Lakini sasa saba ya kopa iko mahali pamoja kotekote, na haitatengana tena, kwani kila itakayowekwa juu yake huku itawekwa na kule. Zikitajwa zote 52, pakiti zimefanana. Wastani wa kungoja ni 52 mara jumla ya 1, 1/2, 1/3 hadi 1/52, yaani karibu mara 236. Baada ya mara 445, uwezekano kwamba kuna karata haijatajwa uko chini ya 1 katika 100, na hapo hakuna tukio lolote ambalo uwezekano wake umepotoka kwa zaidi ya asilimia 1. (Kukata pakiti moja nusu mbili na kuzipitanisha ni habari nyingine: wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992, kwa njia tofauti, kwamba mara 7 hivi zinatosha.)

Wanaoendesha minyororo kwenye kompyuta ili wapate mahali pa bahati kutoka hali ya utulivu husumbuliwa na swali hilohilo: nisimame lini? Kishawishi ni kuanzisha wasafiri kila mahali, kungoja wote wakutane, kisha kuchukua walipokutania. Ni kosa. Chukueni vyumba viwili: ukiwa chumba 1, unabaki au unahamia 2 kwa nusu kwa nusu, ukiwa chumba 2, lazima urudi 1. Wasafiri wawili watakutana chumba 1 tu, daima, ilhali katika utulivu chumba 2 kina theluthi yake.

Wanahisabati James Propp na David Wilson walilitatua mwaka 1996 kwa kuanzia zamani. Anzisha wasafiri kila mahali hatua moja kabla ya sasa, wote wakiongozwa na marusho yaleyale ya dadu. Kama wote hawajaungana kufikia sasa, anza hatua mbili kabla, kisha nne, kisha nane, na usome jibu wakati wa sasa, hata kama waliungana mapema. Ila marusho ya dadu uliyokwisha kuyatumia lazima uyatunze. Ukirusha upya kila unaporudi nyuma, unatupa marusho yaliyochelewa kuwaunganisha na kubakiza yaliyowahi, na katika vyumba vyetu viwili chumba 2 kitapata chini ya theluthi yake.