Barua ya Yeremia na ziara za Januari

Bwana Yesu asifiwe, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya.

Usiku wa mkesha, 31 Desemba, watu wengi watapeana Yeremia 29:11, "Nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani, kuwapa ninyi tumaini". Ni andiko zuri, na mkilitumia mnafanya vema. Lakini likisomwa peke yake linapoteza nusu ya nguvu zake, kwa kuwa ni sehemu ya barua ya nabii Yeremia, na barua husomwa tangu mwanzo.

Walioandikiwa walikuwa watu wa Yuda walio mateka Babeli, waliochukuliwa pamoja na mfalme wao Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Sura ya 28 inaonyesha walichokuwa wakiahidiwa: Hanania, nabii wa uongo, alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote wangerudi, kisha akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kama ishara ya kuitumikia Babeli. Kabla nira haijavunjwa, Yeremia alikuwa ameitikia "Amina", maana naye alitamani iwe hivyo. Ila neno alilopewa na Mungu lilikuwa miaka 70. Ndipo barua inasema: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji mliomo. Tumaini la aya ya 11 linakuja baada ya kazi hizo zote. Tena tazameni neno lenyewe: "ninayowawazia ninyi". Ni wingi. Sisi hulisoma kama "ninayokuwazia wewe", kila mtu na baraka yake, ilhali liliandikwa kwa watu waliohitaji kushikana.

Sasa twende majumbani. Wiki ya pili ya Januari ndiyo yenye kazi. Shamrashamra zimekwisha, sare na madaftari vinadaiwa, mwenye nyumba naye anataka kodi. Nendeni wawili wawili, mkiwa mmepiga simu kwanza, na msikae zaidi ya nusu saa. Semeni mapema kwamba mmetoka kunywa chai, ili mama asihangaike kutafuta sukari asiyokuwa nayo. Kama mna kilo mbili za unga na maharage, mpeni mwenyeji kando, kabla ya kuketi, watoto wasione. Picha isipigwe.

Ulizeni jambo moja tu: "Ni kitu gani kinakukosesha usingizi mwezi huu?" Kisha nyamazeni. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa sababu ukimya unatutisha na tunakimbilia kuhubiri. Mkisha kusikia, someni Yeremia 29 aya ya 4 hadi 14. Hazizidi dakika tatu. Ombeni kwa kulitaja jambo lile lile lililosemwa, kwa maneno machache.

Msitaje tarehe. Kumwambia asiye na kazi "kabla ya Machi Mungu atakufungulia mlango" ni kusema ya Hanania. Machi ikifika mlango ungali umefungwa, mtu huyo hatasema ninyi mlikosea. Atadhani imani yake ndiyo haba, aone haya kuja jumuiyani. Mnaweza kumwambia kwa uhakika kwamba Mungu hamwachi. Mwaweza pia kuahidi kwamba mtarudi, mradi mrudi kweli.

Kwenye nyumba ya msiba, ile methali ya "yaliyopita si ndwele" iacheni. Kwa mjane, mwaka mpya ni mwaka wa kwanza ambao marehemu hakuufikia, na hilo linauma kuliko tunavyodhani. Mateka wa Yuda walilia kando ya mito ya Babeli, na kilio chao kimo katika Zaburi ya 137. Someni aya zake nne za mwanzo, mlie naye ikibidi, na mlitaje jina la marehemu. Watu huogopa kulitaja, naye anatamani kulisikia.

Mliyoambiwa yabaki kwenu wawili. Habari ya mtu ikipelekwa kwenye kundi la WhatsApp kwa jina la ombi, nyumba ile haitawafungulia tena mioyo. Kama shida inahitaji mchango, mwombeni ruhusa kwanza, na ikiwezekana mpelekeeni mchungaji kiasi kinachotakiwa bila kutaja familia.

Kabla ya kuagana, pangeni siku ya kurudi, isizidi wiki tatu. Iandikeni kwenye daftari la jumuiya pamoja na majina ya watakaokwenda. Ziara ya pili ianze kwa kuuliza habari za lile jambo mliloliombea.