Kifungua Mimba na Mzigo wa Mama

Zuhura: Karibuni tena. Juma, leo tunafuata sumu za baharini, jinsi papa na taa wanavyozirithisha watoto wao, na nimekuja na tumbo la samaki taa.

Juma: Tumbo lenyewe? Hapa mezani?

Zuhura: La maneno tu! Ukilipasua unakuta vipande vya kaa, magamba ya chaza, minyoo. Taa hutulia chini, akapigapiga mapezi mpaka mchanga utimke, kisha akipatacho anakisaga kwa meno bapa yaliyopangika kama vigae. Sasa niambie, taka za viwandani zikifika pwani zinatuama wapi?

Juma: Topeni. Pale pale anapotafuta chakula.

Zuhura: Na papa anamla taa. Zebaki iliyomo kwenye taka hizo, ikishageuzwa na bakteria wa topeni, inashika kwenye protini, inabaki kwenye mnofu. PCB, kemikali za viwandani, na DDT, dawa ya kuua wadudu, zenyewe hupenda mafuta, kwa hiyo hukimbilia ini. Na ini la papa si mchezo: hana kibofu cha hewa, mafuta ya ini ndiyo yanayompunguzia kuzama. Kuna papa ambao ini lao ni robo ya uzito wa mwili.

Juma: Lakini si papa wote wanaokula nyama tupu. Yule mdogo wa kichwa cha koleo, nduguye papa nyundo...

Zuhura: Eh, huyo! Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba nyasi bahari anazomeza, tumbo lake linameng'enya karibu nusu. Nilicheka siku ile. Sasa twende kwenye uzazi, maana hapo ndipo penye utamu.

Juma: Papa na taa hawamwagi mayai kwa mamilioni.

Zuhura: Thubutu! Kuna papa mdogo mwenye miiba mgongoni, mimba yake ni miezi 18 hadi 24. Na taa wengi hutoa maziwa humo humo kwenye mfuko wa uzazi, kupitia vinyuzi laini vya ukutani. Vitoto vinanyonya kabla havijazaliwa.

Juma: Maziwa yana mafuta. Na sumu iko kwenye mafuta... Zuhura!

Zuhura: Umefika. Mama anaishusha kwa watoto. Kusini mwa California walikuta papa weupe wachanga wana DDT nyingi kwenye ini, ilhali Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Umri ule hawajala vya kutosha kuikusanya yote wenyewe.

Juma: Basi kifungua mimba ndiye anayeumia?

Zuhura: Ndivyo hesabu inavyokwenda. Jike hukaa miaka bila kuzaa, anajikusanyia sumu tu. Mimba ya kwanza inapokea fungu nono, zinazofuata zinapata masalio.

Juma: Na dume?

Zuhura: Dume hana pa kuishushia sumu, inapanda tu. Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo cha sumu cha papa mmoja, muulize kwanza: dume au jike? Amewahi kuzaa?

Juma: Utajuaje amezaa?

Zuhura: Unafungua mfuko wa uzazi. Wa mwali ni mwembamba kama utepe. Wa aliyezaa umetanuka, umelegea, ukiushika unateleza mkononi.