Uwiano Usio na Tarehe: Mhadhara Kuhusu Kupima Isotopu Fiche Katika Taka za Nyuklia

Ndugu zangu, nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa orodha za taka zenye tarakimu ambazo hakuna aliyezipima.

Mnajua kazi inavyokwenda. Pipa la vyuma vya kinu cha nyuklia hupimwa kwa nje. Kobalti-60 hutoa miale ya gama yenye nguvu, inapenya pipa, kigunduzi kinaisoma. Nikeli-63 iliyomo katika vyuma hivyo hivyo haitoi gama. Hutoa beta dhaifu, yenye nishati isiyozidi kiloelektronivolti 67, inayoishia humo humo chumani; ndiyo isotopu fiche, yaani aina ya atomi isiyoonekana kwa kigunduzi cha nje. Basi tunatumia uwiano: kobalti kiasi hiki, nikeli kiasi hiki. Uwiano wenyewe sina ugomvi nao. Nagombana na uwiano usio na tarehe!

Tupige hesabu pamoja. Nusu-maisha, yaani muda wa nusu ya atomi kuoza, ya kobalti-60 ni miaka 5.27, ya nikeli-63 ni kama miaka 100. Baada ya miaka 50, kobalti imebaki sehemu moja hivi kati ya 700. Nikeli bado ipo asilimia 70. Uwiano umebadilika mara 500, na pipa ni lile lile. Halafu mtu anachukua jedwali la mwaka kinu kilipozimwa, anazidisha kwa kobalti ya leo, anatia sahihi. Nikeli iliyomo pipani ameipunguza mara 500 kwa kalamu tu.

Mtaniambia kompyuta inasahihisha kuoza. Inasahihisha ukiipa tarehe, na ikiwa uwiano wa mwanzo ulitokana na taka za aina hiyo hiyo. Huo nao kuna mtu aliuhangaikia: alikata sampuli, akaiyeyusha kwa asidi, akaitenga nikeli, akaiondoa kobalti isije ikaharibu kipimo, ndipo akahesabu beta kwa sintilesheni ya kimiminika, yaani kimiminika kinachomweka beta inapokipiga. Mtasema ni ghali, na mafundi wanapata dozi ya mionzi. Kweli, na ndiyo maana sampuli ni chache. Lakini nimeona jalada zima halina hata moja!

Klorini-36 nilitaka kuipa nusu saa. Nusu-maisha yake ni miaka 301,000, inasafiri na maji ya ardhini bila kushikwa sana na udongo wa mfinyanzi, na asili yake ni mabaki ya klorini yaliyokuwamo kwenye grafiti na zege, ambayo hayana uhusiano na kobalti. Hiyo ipimeni yenyewe. Kalsiamu-41 naiacha, muda umekwisha. Aliyekuja na jedwali lisilo na tarehe alilete hapa mbele tulitazame.