Kuweka Jenomu Yako Hadharani: Mtihani, Faili na Ndugu wa Damu

SALMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunawazungumzia watu wanaotoa jenomu zao, yaani vinasaba vyao vyote, pamoja na kumbukumbu zao za hospitali, vikawekwa wazi kwenye intaneti, mtafiti yeyote avitumie. Mfano wetu ni Personal Genome Project, mradi ulioanzishwa na George Church pale Harvard, Marekani, mwaka 2005. Kaka Kombo, anza na ule mtihani wa kujiunga.

KOMBO: Naam, dada Salma. Kule huingii kwa kutia saini tu. Unasoma fomu ya ridhaa, ambayo ni ndefu kwelikweli, halafu unafanya mtihani, na lazima upate asilimia 100. Ukikosa, unarudi kusoma kisha unaurudia. Unaulizwa jeni zinavyorithiwa, utafiti unavyoendeshwa, na madhara yanayoweza kukupata.

SALMA: Na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika mradi ule. Tafiti nyingi humwahidi mtu kwamba jina lake litafichwa. Hawa wanasema waziwazi: hatuahidi. Fomu yao inafika hadi kutaja kwamba mtu anaweza kutengeneza DNA inayofanana na yako, akaiacha mahali palipotendeka uhalifu.

KOMBO: Na kujulikana si jambo la kufikirika. Mwaka 2013 mtafiti wa faragha ya data, Latanya Sweeney, na wenzake walichukua kurasa 579 za washiriki zilizokuwa na vitu vitatu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia, na msimbo wa posta. Wakalinganisha na daftari za wapigakura na kumbukumbu nyingine za umma. Wakapata majina 241, na walipohakiki, kati ya asilimia 84 na 97 yalikuwa sahihi.

SALMA: Bila hata kugusa DNA.

KOMBO: Bila kugusa herufi moja ya DNA! Tena baadhi ya majina yalikuwa ndani ya faili zenyewe. Faili ya majibu ya DNA kutoka kampuni ya vipimo vya nyumbani hupakuliwa ikiwa imebanwa (zip). Unaweza kuipa jina jipya la nje, lakini faili ya ndani bado inabeba jina lako na la ukoo kama kampuni ilivyoiandika. Mtu anapandisha akidhani amejificha.

SALMA: Kwa hiyo anayejitolea afanye nini?

KOMBO: Fungua faili, libadilishe jina la ile ya ndani, kisha ibane upya. Soma na mistari ya juu inayoanza na alama ya reli (#), maana huko nako huandikwa mambo. Tarehe ya kuzaliwa weka mwaka peke yake. Karatasi za hospitali zipitie ukurasa kwa ukurasa: namba ya mgonjwa, jina la daktari, tarehe ya kulazwa.

SALMA: Hebu waeleze wasikilizaji faili lenyewe linavyoonekana.

KOMBO: Ni maandishi ya kawaida, mara nyingi yenye safu nne: jina la alama ya DNA, kromosomu (kifurushi cha DNA ilimo), mahali pake, na herufi zako. Chukua mstari mmoja: rs429358, kromosomu 19, mahali 45411941, halafu herufi mbili, tuseme TT. Huo ni mmoja kati ya mistari miwili inayosoma jeni ya APOE, inayohusishwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Sasa angalia: katika toleo jipya la ramani ya jenomu, alama hiyohiyo iko 44908684. Usipotaja toleo la ramani, mtafiti ataangalia sehemu isiyo yenyewe.

SALMA: APOE hiyo ndiyo James Watson, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, aliomba ifichwe jenomu yake ilipotolewa hadharani mwaka 2007.

KOMBO: Ikafichwa jeni hiyo, lakini majirani zake wakaachwa. Herufi zinazokaa karibu kwenye kromosomu hurithiwa pamoja, kwa hiyo wataalamu walionyesha kwamba kilichofutwa kingeweza kukisiwa. Ikabidi eneo la takriban herufi milioni 2 liondolewe. Kama kuna jibu usilotaka lijulikane, kufuta mstari mmoja hakusaidii.

SALMA: Jambo jingine, majibu ya vipimo vya nyumbani si utambuzi wa ugonjwa. Utafiti mmoja wa 2018 uliorudia kupima maabara baadhi ya mabadiliko ya jeni yaliyoonekana kwenye faili hizo ulikuta asilimia 40 hayakuwepo kabisa. Usimtangazie ulimwengu kwamba una jeni ya saratani kabla ya maabara ya kitabibu kuthibitisha.

KOMBO: Na bima. Marekani ina sheria ya 2008, GINA, inayozuia bima ya afya na waajiri kukubagua kwa sababu ya jeni. Bima ya maisha na ya ulemavu hazimo. Wengi hudhani zimo.

SALMA: Tuje kwa ndugu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nusu ya DNA yako iko kwa mama yako, na nusu kwa kila mtoto wako. Pacha wako wa kufanana anayo karibu yote. Wewe umefaulu mtihani, wao hawakuulizwa. Ukikuta baba aliyekulea si aliyekuzaa, habari hiyo ni ya nyumba nzima. Kaeni kwanza, waambie unachotaka kufanya, na akikataa mmoja, lipe uzito neno lake.

KOMBO: Afrika Mashariki nako kuna jenomu za wazi. Waluhya wa Webuye, Kenya, wamo katika 1000 Genomes, mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu za watu wa jamii mbalimbali, na yeyote anaweza kupakua faili zao leo. Tofauti ni kwamba hazina majina wala historia ya ugonjwa.

SALMA: Hata hivyo DNA ni ileile, na jamii ni ileile.

KOMBO: Ndiyo maana swali la ndugu linawahusu nao. Na mwisho, kujitoa. Unaruhusiwa kujitoa wakati wowote, na ukurasa wako utaondolewa. Nakala zilizokwisha kupakuliwa hazirudi. Hata openSNP, ghala la wazi la data za jeni mtandaoni lililofunguliwa 2011, lilipofungwa 2025 na kufuta data zake, nakala za watu wengine zilibaki mikononi mwao.